Serotonini hupita wapi? Safari kutoka shina la ubongo wa panya

Nikisema ninachunguza serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya chembe za ubongo, watu huniuliza kama ndiyo ile "homoni ya furaha". Huwa naguna tu. Mimi shughuli yangu ni njia: inatoka wapi, inapita wapi, inaishia kwa nani.

Ubongo wa panya una nyuroni, yaani chembe za neva, zipatazo milioni 200. Zinazotengeneza serotonini ni makumi machache ya maelfu tu, na kundi kubwa kuliko yote, rafe ya juu, lina kama 11,500. Hata hivyo karibu hakuna kona ya ubongo wa mbele isiyofikiwa na nyuzi zake, ile mikia mirefu ya nyuroni inayopeleka ujumbe. Neno rafe ni la Kigiriki, maana yake mshono, na ukikata shina la ubongo kipande chembamba utaona jina limetoka wapi: chembe hizi zimejipanga katikati kabisa, pale nusu ya kulia inapokutana na ya kushoto.

Ushahidi wa njia ulitangulia ushahidi wa chembe. Mwaka 1962 Heller, Harvey na Moore walijeruhi fungu la nyuzi linalopita kando ya haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo wa panya, na serotonini ya ubongo ikashuka. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinapita humo kwenda mbele. Miaka miwili baadaye, huko Uswidi, Annica Dahlström na Kjell Fuxe waliweka ubongo uliokaushwa kwa baridi kwenye mvuke wa formaldehidi, kisha wakauchungulia kwa hadubini ya mwanga wa urujuani. Dopamini na noradrenalini, kemikali nyingine za ujumbe, ziling'aa kijani, serotonini ikang'aa njano. Makundi ya njano wakayaita B1 hadi B9, na majina hayo tunayatumia mpaka leo. Ile njano ina tabia mbaya: inafifia huku bado unaitazama. Sisi tunaotumia kingamwili, protini zinazoinasa serotonini na kuonyesha ilipo, tumedekezwa.

Makundi ya nyuma, B1 hadi B3, hutuma nyuzi nyingi kwenye uti wa mgongo; hayo nayaacha. Yanayolisha ubongo wa mbele hasa ni B7, yaani rafe ya juu iliyo chini tu ya mfereji wa maji wa ubongo wa kati, na B8, rafe ya kati, iliyo chini zaidi, pamoja na B9 pembeni. Nyuzi zao huinama, hupita sakafu ya ubongo wa kati, kisha huingia kwenye lile lile fungu la kina Heller na kusonga mbele. Mwaka 1978 Azmitia na Segal walidunga asidi amino yenye mionzi, mara kwenye rafe ya juu, mara kwenye ya kati, wakafuata alama zake hadi mwisho. Mgawanyo ulijitokeza wazi. Rafe ya juu huelekea zaidi striatamu (ya mwendo), amigdala (ya hisia kama hofu) na korteksi ya mbele, yaani tabaka la nje la ubongo. Rafe ya kati huelekea septamu, iliyo katikati ya ubongo wa mbele, na hipokampasi, ya kumbukumbu.

Njia ninayoipenda ni mojawapo ya zile zinazofika hipokampasi ya juu. Hipokampasi iko nyuma, lakini nyuzi hizi hazikati njia ya mkato. Zinakwenda mbele kabisa, zinazunguka ncha ya daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo, halafu zinarudi nyuma juu ya daraja hilo, ndani ya fungu la nyuzi liitwalo singulamu. Ikate singulamu, na hipokampasi inapoteza sehemu ya serotonini yake ingawa kisu hakikuigusa.

Hata umbo la nyuzi linatofautiana. Kwenye korteksi, Kosofsky na Molliver walionyesha mwaka 1987 kwamba nyuzi za rafe ya juu ni nyembamba, zenye vivimbe vidogo mno, huku za rafe ya kati zikiwa na vivimbe vikubwa vya mviringo, kama shanga kwenye uzi. Tofauti hii si pambo. Dawa za kulevya kama MDMA, kwa dozi kubwa, huharibu zile nyembamba na kuziacha zenye shanga zimesimama. Kwa hiyo mtu akiniambia "serotonini ya korteksi imepungua", namuuliza: ipi?

Mambo haya nilijifunza kwa maumivu. Rafe iko katikati, na juu yake hasa, chini ya fuvu, unapita mshipa mkubwa wa damu. Mara ya kwanza nilishusha sindano wima, damu ikajaa, kazi ya siku nzima ikaisha hapo. Tangu hapo naingia kwa mshazari. Lakini mshazari nao una hila zake, maana kutoka rafe ya juu hadi ya kati ni kama milimita 2 tu.

Panya mmoja nilimdunga kialamishi, dutu inayosafiri ndani ya nyuzi na kuonyesha zinakoishia, nikiwa na hakika nimelenga rafe ya juu. Vipande vya mbele ndivyo nilivyovipaka rangi kwanza. Striatamu ilikuwa karibu tupu, hipokampasi imejaa nyuzi zenye shanga. Kabla hata sijafungua sanduku la vipande vya ubongo wa kati, nilijua sindano ilikuwa imeshuka mno. Nilipovitazama, doa lilikuwa limekaa katikati ya B8. Panya huyo nilimhamishia kundi la pili la jaribio, lile la rafe ya kati.