Cheti cha mazingira hakimo mfukoni mwa mshauri: dhana potofu za wawekezaji Arusha na Moshi

Barabara ya Arusha kwenda Moshi siku hizi imejaa viwanja vilivyozungushiwa mabati: hoteli, maghala, vituo vya mafuta, viwanda vya kusindika parachichi. Nyuma ya kila uzio kuna mwekezaji ambaye tayari ameshaambiwa jambo kuhusu kibali cha mazingira, ama na fundi, ama na dalali wa kiwanja, ama na mwenzake aliyejenga mwaka juzi. Ninafanya kazi ya ushauri wa mazingira kanda hii, na mengi ninayoyasikia yakirudiwa si kweli. Yanawagharimu watu fedha nyingi, na yanaumiza majirani ambao hawakuhusika kabisa.

“Tafuta mshauri mwenye mtu wake ndani, cheti kitatoka.”

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imegawa kazi waziwazi. Mwenye mradi analipia Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ambayo wengi tunaiita TAM. Wataalamu elekezi waliosajiliwa, yaani washauri wa mazingira, wanaifanya. NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, inaipitia ripoti na kukagua eneo, na cheti kinatolewa kwa mamlaka ya Waziri mwenye dhamana ya mazingira. Mshauri hana saini hata moja kwenye uamuzi huo. Unachomlipia ni kazi ya uwandani: sampuli za maji na udongo, hesabu ya maji taka, mahojiano na majirani, na mpango wa usimamizi wa mazingira unaotekelezeka. Anayekuahidi tarehe ya cheti kabla hajakanyaga kiwanja chako, achana naye. Muulize usajili wake kama uko hai, na muulize ni nani hasa atakayekwenda uwandani.

“Hati ninayo, kibali cha ujenzi cha halmashauri ninacho. Yatosha.”

Kifungu cha 81 cha sheria hiyo kinasema kibali au leseni kutoka mamlaka nyingine haimpi mtu haki ya kuanza mradi unaohitaji TAM bila cheti cha mazingira. Si kila ujenzi unahitaji tathmini kamili. Marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018 yamepanga miradi kwa makundi kulingana na ukubwa wa athari zake. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kusajili mradi NEMC, ambao wana ofisi ya kanda hapa Arusha, mjue mko kundi gani.

“Tumalize michoro kwanza. Mazingira tutayaona baadaye.”

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inatoka kwa watu makini. Sheria inataka tathmini ifanyike kabla ya mradi kuanza na hata kabla ya kuugharamia, na sababu iko kwenye ardhi yenyewe. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sasa chukua kiwanja kando ya Mto Themi, Weruweru au Karanga. Ondoa hizo mita 60 uone kinachobaki. Nimeshuhudia jengo zima likilazimika kuchorwa upya kwa sababu jiko na karo la maji taka vilipangwa upande wa mto, penye mandhari nzuri.

Kisha kuna maji. Mwenye hoteli upande wa Usa River au Ngaresero anapanga kuchimba kisima kirefu. Maji mengi ya chini ya Mlima Meru yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Watu wa Arumeru wanayajua madhara yake kwenye meno na mifupa, na kituo cha Ngurdoto kimefanya utafiti wa miaka mingi wa kuyachuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Kama sampuli ikipimwa mapema, utajua kama unahitaji mtambo wa kuchuja, eneo lake na bajeti yake. Ikipimwa baada ya paa kuezekwa, mtambo unatafutiwa nafasi uani. Na kibali cha kutumia maji hayo kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi. Hilo ni ombi jingine kabisa, lenye muda wake.

Aliyekwisha kujenga hafanyiwi TAM tena. Anafanyiwa ukaguzi wa mazingira, na adhabu iko palepale. Ukaguzi unaangalia kilichopo. Nafasi ya kuchagua mahali pengine imeshapita.

“Mkutano wa wananchi ni kukusanya sahihi.”

Kanuni za mwaka 2005 zinataka mabango karibu na eneo la mradi, tangazo gazetini na redioni, na mikutano na wale watakaoguswa. Lakini tuache kanuni kidogo. Kwenye mkutano mmoja wa kitongoji huko Uru, mchoro wa hosteli ulibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Vijana waliuliza ajira. Bibi mmoja akainuka, akasogea hadi ukutani, akaweka kidole kwenye maegesho ya magari.

“Mwanangu, hapa mfongo unapita. Mmeupeleka wapi?”

“Shikamoo bibi. Una hakika ni hapa?”

“Marahaba. Nachota humo tangu niolewe.”

Picha ya setilaiti ilionyesha migomba tu. Tulikwenda naye, na mfongo, yaani mfereji wa maji, ulikuwepo chini ya majani, umezibwa kwa mawe na magome ya mgomba ili maji yageukie shamba la mwenye zamu siku hiyo. Kaya zote za chini zilitegemea maji hayo. Maegesho yalihamishwa, na gharama ikawa karatasi za mchoro mpya. Karatasi ya mahudhurio peke yake isingetuambia hilo.

“Ripoti ni ripoti, chukua ya mwenzio ubadilishe jina.”

Nimesoma ripoti ya kiwanda cha Moshi iliyoeleza namna ya kulinda mikoko. Wapitiaji wanaona haraka, na mradi unarudi mwanzo.

“Mradi mkubwa haukwami.”

Mpango wa kiwanda cha magadi kwenye Ziwa Natron ulipingwa kwa sababu ya ndege heroe (flamingo) wadogo, ambao huzaliana hapo kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki, na mwaka 2008 Tata Chemicals ikajiondoa. Juni 2014, Mahakama ya Afrika Mashariki, hapa hapa Arusha, iliamua kwamba kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Mwombaji wa barabara hiyo alikuwa serikali yenyewe.

“Cheti kimetoka, tumemaliza.”

Cheti kinakuja na masharti, na masharti hayo ndiyo mkaguzi atakayoyashika mkononi akija. Mtambo wa maji taka upimwe, taka za ujenzi zipelekwe dampo linalotambulika, taarifa za ufuatiliaji ziwasilishwe. Usipoanza ujenzi ndani ya miaka 3, unalazimika kusajili mradi upya. Ukiuza mradi, au ukiongeza ghorofa na vyumba ambavyo ripoti haikuvitaja, rudi kwanza NEMC ukaeleze mabadiliko. Kwa hiyo mkataba na mshauri usiishie siku ya cheti. Uandikeni kwamba atarudi eneo la ujenzi msingi unapochimbwa, na tena siku mtambo wa maji taka unapowashwa.