Kwa nini polisobeti 80 inahitaji mashine mbili

Soma orodha ya viambato vya dawa za sindano za protini, mara nyingi utakutana na polisobeti 80, kiambato kinachosaidia mafuta na maji kuchanganyika. Chanjo ya UVIKO-19 ya AstraZeneca ilikuwa nayo. Kwenye aiskrimu huandikwa E433. Jina moja, ila ndani ya chupa mna umati wa molekuli. Kitovu chake ni sobitani, yaani sobitoli (aina ya alkoholi ya sukari) iliyopoteza maji, au isosobaidi iliyopoteza maji zaidi. Hapo hushikamana vipande vya etilini oksidi, kwa wastani 20, na asidi ya oleiki kwenye ncha: moja, mbili, tatu, hata nne. Wastani, nasema. Hii ina vipande 18, jirani yake 23.

Basi si tuitie moja kwa moja kwenye spektromita ya tungamo, mashine inayozipa molekuli chaji ya umeme na kuzipima uzito, ipime, tumalize? Piga hesabu kwanza. Vipande sita vya etilini oksidi ni daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 264.157. Oleiki moja ikijiunga huongeza 264.245. Maana yake, molekuli yenye oleiki moja na ile yenye mbili lakini vipande sita pungufu hupishana kwa daltoni 0.088 tu! Kwadrupoli, aina ya kawaida ya spektromita hiyo, haizitofautishi. Zikibeba chaji mbili, pengo hilo hupungua nusu, kwa kuwa mashine husoma uzito uliogawanywa kwa chaji.

Kolamu ndiyo inayotuokoa: bomba lililojazwa chembe, ambamo sampuli hupitishwa kwa kiyeyushi ili molekuli ziachane. Chembe zake ni za C18, zenye minyororo ya kaboni 18. C18 hupenda mafuta, kwa hiyo hung'ang'ania oleiki kuliko kitu kingine. Zisizo na oleiki hutoka mapema, kisha zenye moja, kisha zenye mbili. Spektromita hulipokea kila kundi kwa zamu, nami nahesabu vilele vilivyoachana kwa 44, au 22 kwa chaji mbili.

Kwenye kiyeyushi naweka chumvi iitwayo fomati ya amoniamu, la sivyo polima hudaka sodiamu na potasiamu yoyote iliyo karibu, na molekuli moja huonekana kama tatu. Vyombo sivioshi kwa sabuni kabisa. Sabuni nyingi za maji nazo zina minyororo hiyohiyo, na ikishaingia kwenye mashine haitoki kirahisi.

Kiasi ni kesi nyingine. Kilele kirefu huenda kimetokana na molekuli inayopokea chaji kwa urahisi tu, wala si nyingi. Detekta ya UV, inayotumia mwanga wa urujuanimno, karibu haioni kitu. Kwa hiyo naugawa mkondo unaotoka kwenye kolamu: nusu spektromita, nusu detekta ya erosoli yenye chaji, inayokausha kiyeyushi na kupima chembe zinazobaki. Ya kwanza inaniambia ni nini, ya pili ni kiasi gani.