Ramani Ilisema Saa Saba

Kwenye daftari langu la safari, siku ya 6 ina mistari miwili tu. Wa kwanza: kilomita 22, kupanda mita 1,500, kushuka mita 1,200. Wa pili: mwendo wa saa kumi na moja badala ya saba, kosa langu. Kazi yangu ni kuwafundisha watu kutembea safari ndefu milimani na mizigo mgongoni, na siku hii huwa naisimulia kila darasa jipya. Wengi wanapoangalia ramani hufanya kosa lilelile: wanauogopa mpando, wakishafika kwenye mteremko wanashusha pumzi.

Nianze na hesabu. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni ambayo mpaka leo bado tunaitumia. Kwa vipimo vyetu, ni saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia yetu ya siku ile inatoka kama saa saba kasoro dakika sita. Kushuka hakumo kabisa. Baadaye mpanda milima mwingine, Eric Langmuir, akairekebisha: mteremko mwepesi unakuokolea dakika 10 kwa kila mita 300, ila ukizidi nyuzi 12 au hivi, unaongeza dakika 10 badala ya kupunguza. Mteremko wetu ulikuwa mita 1,200 ndani ya kilomita 5, yaani zaidi ya nyuzi 13. Marekebisho hayo nayafundisha. Siku ile sikuyatumia, kwa sababu jibu la saa saba lilinipendeza.

Tuliondoka saa 12:30 asubuhi, mimi na mwenzangu mmoja, kila mmoja na begi la kilo 16. Kupanda hakukuwa na neno. Tulikwenda mwendo wa kuongea: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umeenda mbio mno. Kila baada ya saa moja tulitafuna kidogo, tukanywa kidogo. Saa 5:00 tukawa juu kabisa, kwenye upenyo kati ya vilele viwili, tumechelewa kwa dakika ishirini na kitu tu. Nikajipongeza.

Tulipanga kupumzika nusu saa. Kwenye milima mirefu jua la asubuhi huchoma miteremko, hewa yenye joto inapanda, na kufikia adhuhuri mawingu yanaanza kurundikana. Siku ile yaliwahi. Zilipopita dakika 15 nikaona mmweko, nikahesabu mpaka 15 ndipo ngurumo ikafika. Sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kilomita moja, kwa hiyo radi ilikuwa umbali wa kilomita 5, na sisi tumesimama mahali palipoinuka kuliko pote kwenye njia yetu. Tukavaa mabegi tukaondoka. Uamuzi ule siujutii hata kidogo. Ninachojutia ni zile dakika 15 nilizopigia picha, wakati kukaza upya kamba za buti kungechukua mbili.

Sasa niseme kinachotokea mguuni. Ukipanda, msuli mkubwa wa mbele ya paja hujikunja na kukusukuma juu. Ukishuka, msuli uleule hukaza huku ukivutwa urefuke, maana kazi yake sasa ni kukuzuia usiporomoke. Umegeuka breki. Na breki hii hula oksijeni kidogo mno kuliko kupanda, ndiyo maana pumzi inatulia, mapigo ya moyo yanashuka, nawe unajiona uko mapumzikoni. Huko ndani, kila hatua inachana nyuzinyuzi ndogo za msuli. Nguvu zinapungua palepale, lakini maumivu yenyewe yanakuja kesho na keshokutwa. Mapafu yanakuambia uko salama, na mapafu hayajui lolote kuhusu mapaja.

Tulishuka kwa haraka nusu saa ya kwanza, kwa hofu ya radi, na haraka ile tuliilipia. Njia ilikuwa kokoto zilizolala juu ya mwamba mgumu, kama gololi kwenye sakafu. Kwenye kilomita ya pili mwenzangu alisimama, akaegemea magongo yake, akaniambia, "Hebu angalia goti langu." Alikuwa amesimama tuli, lakini paja lilikuwa linatetemeka lenyewe, suruali inacheza. Langu nalo vivyo hivyo, nilikuwa tu sijasimama nikaliona. Tangu hapo tukapunguza urefu wa hatua hadi nusu, tukarefusha magongo kidogo ili yatangulie kugusa chini kabla ya mguu, na kila kona tukasimama dakika moja bila kuvua mabegi. Kilomita 5 zile zilitula saa tatu na robo. Kanuni ya Naismith inazipa saa moja. Hata na dakika 40 za Langmuir ningekuwa mbali sana na ukweli, maana yeye anakadiria muda wa mtu ambaye miguu yake bado inamtii.

Bondeni ndipo nilipovua buti. Mguu ukitembea kutwa nzima huvimba, na kwenye mteremko kamba zikilegea kifundoni, kila hatua inausukuma mbele hadi vidole vigonge ncha ya buti. Kucha mbili za mguu wa kulia zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Kwenye kisigino kulikuwa na lengelenge pana kama kifungo cha koti, limejaa maji. Watu hudhani lengelenge linatokana na ngozi kusuguliwa kwa juu. Kwa kweli mfupa unakwenda huku, ngozi iliyoshikwa na soksi inabaki kule, na tabaka za katikati ndizo zinazoachana. Jasho huizidishia ngozi ulaini. Lengelenge dogo ningeliacha na kulifunika tu. Lile lilikuwa kubwa na lilinizuia kukanyaga, nikaosha, nikapitisha sindano kwenye moto, nikatoboa pembeni kwa chini, nikayakamua maji bila kuibandua ngozi ya juu, nikafunika na plasta. Soksi kavu, kamba zikakazwa kama zilivyotakiwa kukazwa kule juu: legevu kwenye vidole, kaza kwenye kifundo, kisigino kikae nyuma kabisa. Dakika arobaini zikaenda hapo.

Kilomita 8 zilizobaki zilikuwa karibu tambarare na sina mengi ya kuzisimulia, isipokuwa kimwinuko cha mita 100 mwishoni ambacho nilikifurahia kuliko kitu chochote siku ile, kwa sababu kupanda hakukuuma. Tulifika saa 11:30 jioni. Radi ilikuwa imepita upande wa pili bila hata tone.

Swali ninaloulizwa sana ni namna ya kujiandaa. Panda ngazi, sawa, lakini usishuke kwa lifti. Shuka kwa miguu, begi mgongoni, polepole, wiki mbili tatu kabla ya safari. Msuli uliowahi kuumizwa kidogo na kazi ya breki hauumii sana mara inayofuata, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Mwenzangu alifanya mazoezi ya kukimbia miezi mitatu, yote kwenye uwanja. Mapafu yake yalikuwa bora kuliko yangu. Mapaja yetu yalitetemeka sawasawa.

Kesho yake hema letu lilikuwa limesimama juu ya kituta cha ardhi, kama nusu mita juu ya njia. Nilijaribu kushuka kwa kawaida nikashindwa. Nikageuka, nikashika nyasi, nikashuka kinyumenyume kama mtoto anayeshuka kitandani. Mwenzangu aliangalia, akacheka sana, halafu naye akageuka.