Bendera imepinduliwa? Anza kutazama kijani

Kila ikifika sikukuu ya kitaifa, picha ya bendera ya Tanzania iliyopandishwa kichwa chini haikosi kuzunguka mitandaoni, na maoni ya kwanza huwa yale yale: hawa hawana uzalendo. Kwa sisi ambao kazi yetu ni kamba na mlingoti, swali la kwanza ni jingine: nani alifunga vitanzi, na alikuwa na alama gani ya kumwonyesha juu ni wapi?

Bendera yetu ni ngumu kuliko inavyoonekana. Bendera ya Kongo, ile ya Kinshasa, ina nyota kwenye kona ya juu upande wa mlingoti. Ikipinduliwa, nyota inaanguka chini na mtoto wa darasa la kwanza anaona. Yetu haina nyota, jua wala ngao. Ina pembetatu mbili na utepe wa mshazari, basi.

Kanuni ninayoitumia ina sehemu mbili, na zote mbili lazima zitimie. Ya kwanza, kijani kiwe juu, kimegusa mlingoti. Ya pili, utepe mweusi uwe unapanda kadiri unavyouacha mlingoti: uanzie kona ya chini kwenye kamba, umalizikie kona ya juu upande unaopepea. Ukisimama nyuma ya bendera, mlingoti unakuwa kulia kwako na utepe unaonekana kupanda kuelekea kushoto. Hapo ndipo wengi hupiga kelele bure. Iko sawa, umesimama nyuma tu.

Kwa nini sehemu mbili? Kwa sababu kuna namna mbili za kukosea, na hazifanani. Bendera ya kitambaa ikifungwa kinyume kwenye kamba, utepe unashuka badala ya kupanda na kijani kinakwenda chini. Lakini stika au bendera iliyochapwa kwenye bango ikizungushwa juu chini, utepe unabaki unapanda vilevile kutoka kushoto kwenda kulia! Kilichobadilika ni kwamba bluu imekaa juu na kijani chini. Anayekagua utepe peke yake ataipitisha. Ndiyo maana nasema anza na kijani.

Ikining'inizwa wima ukutani, kijani kiwe juu kushoto kwa mtazamaji. Kuizungusha tu hakutoshi, maana kijani kitaangukia kulia. Izungushe kisha igeuze uso wa nyuma uje mbele.

Maana ya rangi wengi wanaijua tangu shuleni: kijani ni ardhi na uoto wake, njano ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maziwa na bahari. Kisichosemwa sana ni rangi zilitoka wapi. Tanganyika ya Desemba 9, 1961 ilikuwa na kijani, nyeusi na mistari myembamba ya njano. Zanzibar ya baada ya Mapinduzi, kufikia mwisho wa Januari 1964, ilikuwa na bluu, nyeusi na kijani. Muungano ulipokuja Aprili 26, 1964, nyeusi na kijani zilikuwa za wote wawili. Njano ililetwa na Tanganyika, bluu ikaletwa na Zanzibar. Bendera mpya ikaanza kutumika Juni 30 mwaka huohuo. Mistari ya bendera zote mbili za awali ilikuwa ya mlalo. Mshazari ukaondoa swali la nani akae juu ya nani. Huo ni usomaji wangu, lakini jaribu kuzipanga rangi hizo nne kwa mlalo uone ugomvi unaanzia wapi. Zanzibar nayo, tangu 2005, inapeperusha tena bluu, nyeusi na kijani, safari hii bendera ya Muungano ikiwa kwenye kona ya juu.

Sasa mshono. Kipimo ni 2 kwa 3. Bendera ya sentimita 120 kwa 180 ina mshazari wa takriban sentimita 216. Fundi akipewa kitambaa cha 90 kwa 180 kwa sababu ndicho kilichobaki dukani, utepe unalala: pembe inashuka kutoka kama digrii 34 hadi 27, na bendera inaonekana imechoka hata kabla haijapanda. Kosa la pili ni la nguo yenyewe. Utepe hukatwa kwa kufuata uzi wa mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, kwa hiyo hauvutiki. Pembetatu zimekatwa mshazari wa nyuzi, kwa hiyo zinavutika. Ukizishona bila kubana kwanza kwa pini au kushikiza kwa mkono, pembetatu inarefuka chini ya mashine na utepe unakunjamana kama mfuko wa Rambo. Bana kuanzia katikati kwenda pembeni, usianze konani. Uzi uwe wa polista; wa pamba unaoza kwa chumvi na jua la pwani kabla kitambaa hakijachakaa. Na bluu yetu ni ya wazi, haijakolea kama ile ya sare za shule.

Jambo dogo linalookoa aibu kubwa: kitanzi cha juu kishonwe kwa uzi wa rangi nyingine, au kiwe na kijiti cha mbao, na cha chini kiwe kamba tupu. Anayepandisha saa 12 asubuhi, macho yana usingizi, atajua kwa vidole.

Nusu mlingoti nako kuna kosa linalojirudia. Machi 2021, alipofariki Rais Magufuli, zilitangazwa kwanza siku 14 za maombolezo, kisha zikawa 21, na bendera nyingi zilipandishwa moja kwa moja hadi katikati zikaachwa hapo. Utaratibu ni kuifikisha kileleni kwanza, kutulia kidogo, kisha kuishusha taratibu. Jioni hivyohivyo: ipande hadi juu, ndipo ishuke yote. Kwenye mlingoti wa mita 8, ninaweka katikati ya kitambaa kwenye mita 4. Ikishushwa kidogo tu chini ya kapi, mpita njia atadhani kamba imelegea. Saudia haishushi bendera yake nusu mlingoti, kwa kuwa imebeba shahada, tamko la imani ya Kiislamu. Na hushonwa vitambaa viwili mgongo kwa mgongo ili maandishi yasomeke sawa pande zote.

Mabishano makali kwetu ni ya saa 12 jioni. Filimbi inalia kituo cha polisi, bendera inashuka, watu wanasimama. Asiyesimama anaitwa, anahojiwa, wakati mwingine anapigwa kofi. Naunga mkono kusimama, siungi mkono kofi. Mlingoti wa mita 8, ukishusha kwa mwendo wa robo mita kwa sekunde, unamalizika ndani ya sekunde 32. Mwenye bodaboda aliyebeba mgonjwa, au aliyevaa vipokea sauti masikioni, hajatukana taifa. Halafu saa yenyewe ni ya makubaliano: jua la Kigoma huzama kama dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, kwa hiyo bendera ya Kigoma inashuka mchana kweupe na asubuhi inapanda gizani.

Kuhusu matumizi, Sheria ya Nembo za Taifa ya 1971 inazuia kutumia nembo hizi kibiashara bila kibali. Kenya, bangili za shanga zenye rangi za bendera zimejaa mikononi mwa watu, lakini bendera kwenye gari ni ya viongozi wachache, na baada ya 2013 magavana walivutana na serikali kuu kwa sababu ya kibendera hicho. Bangili inamsogeza mtu karibu na bendera. Kibendera cha gari kinamweka mbali nayo. Mimi niko upande wa bangili.

Bendera iliyochanika ncha usiisubiri sikukuu. Ncha inayopepea ndiyo huanza, kwa sababu inajipiga yenyewe kwenye upepo. Ukiona nyuzi, ishushe siku hiyohiyo, kata sentimita mbili, pinda upya mara mbili, shona mistari mitatu. Ukirudia zaidi ya mara mbili kipimo kinaharibika na mshazari hauishii tena konani. Hapo imemaliza kazi. Isigeuzwe tambara la kufutia meza wala kifuniko cha jenereta. Nchi nyingi huichoma faraghani, na kanuni za Marekani nazo zinapendekeza kuichoma kwa heshima, ingawa kuichoma hadharani kwa hasira kuliwafikisha watu huko hadi Mahakama ya Juu ya nchi mwaka 1989, majaji 5 dhidi ya 4 wakisema ni haki ya kujieleza. Mimi huifumua kwanza, rangi nne zikae mafungu manne, ndipo nachoma. Vitanzi na kijiti navitoa kabla, vinafaa kwa bendera inayofuata.