Makaburi ya Tongoni sio ya wapita njia

Ukifika Tongoni, kama kilomita 17 kutoka Tanga mjini barabara ya Pangani, utaambiwa yale makaburi 40 hivi ni ya ukoo wa Washirazi waliotoka Uajemi, wakajenga, wakaondoka zao. Sio hivyo jamani. Lile kaburi la mnara, la matumbawe na chokaa, lenye vishimo vya duara vilivyokuwa vimeshika bakuli za kigeni, ni ujenzi wa Waswahili wa mwambao huu huu, Uajemi hawajengi makaburi hivyo. Damu ya huko ipo kweli, siwezi kubisha, maana DNA ya makaburi mengine ya pwani iliyotangazwa 2023 ilionyesha akina baba wengi Waajemi ila akina mama karibu wote Waafrika, yaani watoto wa hapahapa.