Je, wajua hamu ya kuimba humwingia mtu lini?

Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa taarabu, hakuanzia jukwaani. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880 hivi, katika familia ya wakulima na wafinyanzi, na jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Alipokua alikuwa akibeba vyungu kwenda kuviuza, na huku akienda akivinadi kwa kuimba. Sauti ikatangulia jina: watu waliisikia kwa mbali wakajua muuza vyungu anakuja. Mwaka 1911 alihamia mjini, akakutana na Ali Muhsin aliyemfunza uimbaji na upigaji wa ala za muziki, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Hiyo habari ya mjini na Bombay ndiyo husimuliwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na ile ya vyungu. Wachuuzi wa vyungu walikuwa wengi. Huyu mmoja alipata wapi hamu ya kuimba, kabla hajapata mwalimu wala mshahara wa kuimba?

Swali hilo liko karibu katika kila nyumba. Watoto wawili wa tumbo moja, wamelelewa chini ya paa moja: mmoja anaimba akioga, akiosha vyombo, akitumwa dukani, mwenzake hata wimbo wa taifa anaupitishia midomoni tu. Mtaani watu watakujibu haraka, "Huyo kajaliwa sauti." Kuna ukweli ndani yake, ila jibu hilo linaanzia katikati ya safari. Hamu ya kuimba huanza sikioni, mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani, na kinachoilea hadi ikomae ni kuwepo kwa mtu wa kuitikia.

Tuanze na sikio. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, na katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba husikia mengi. Maneno hayamfikii yakiwa kamili, kwa kuwa maji na nyama za mwili wa mama huzuia sauti kali na nyembamba. Kinachopenya ni kupanda na kushuka kwa sauti pamoja na mapigo yake. Ni kama redio ya jirani wa chumba cha pili: hujui mtangazaji anasema nini, lakini unajua kama ni taarifa ya habari, ni mpira au ni taarabu. Kwa hiyo, kabla mtu hajajua neno hata moja, ameshajua lahani ya watu wake.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Kathleen Wermke wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, walilinganisha vilio vya watoto wachanga 60, nusu Wafaransa na nusu Wajerumani, wote wakiwa na siku chache tu tangu kuzaliwa. Vilio vya Kifaransa vilielekea kupanda mwishoni, vya Kijerumani vikaelekea kushuka, sawasawa na mwendo wa lugha za mama zao. Mtoto hajamaliza wiki duniani na tayari analia kwa lafudhi ya nyumbani! Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1980, watafiti wa Marekani walikuwa wameonyesha kwamba kichanga akipewa chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na kinasa sauti, hubadili mwendo wake wa kunyonya ili asikie sauti ya mama yake badala ya sauti ya mwanamke mwingine.

Kisha zinakuja nyimbo za kubembeleza. Mtazame bibi aliyeachiwa mjukuu barazani wakati mama yake yuko sokoni. Mtoto analia. Bibi hampi maelezo. Anamweka begani, anampigapiga mgongoni taratibu, na kutoka kifuani mwake inatoka sauti ambayo mwanzoni si wimbo, ni "oo, oo" tu, chini kwa chini. Polepole maneno yanaingia, yale yale aliyoimbiwa yeye, na mara nyingine analiweka jina la mtoto ndani ya mstari. Kila mtoto akivuta pumzi kulia upya, bibi anapandisha kidogo; akitulia, anashusha. Ukiangalia vizuri, wawili hao wanajibizana.

Mwaka 2015 watafiti wa Montreal, Kanada, waliwapima watoto wasiotimiza mwaka mmoja ili waone nini huwatuliza kwa muda mrefu zaidi. Walipoongeleshwa kitoto, kwa wastani walivumilia kiasi cha dakika nne kabla ya kuanza kulalamika. Walipoimbiwa, walikaa dakika tisa hivi. Na wimbo wenyewe ulikuwa wa Kituruki, lugha ambayo hawakuizoea. Walitulizwa na mapigo na mwendo wa sauti, maneno hayakuhusika.

Usidhani hayo ni mambo ya Unguja au Montreal peke yake. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti mkubwa ulioongozwa na Samuel Mehr, uliopitia maandishi ya wanaanthropolojia kuhusu jamii 315 za kila pembe ya dunia. Hakuna hata moja iliyokosa muziki. Na wasikilizaji waliposikilizishwa nyimbo za watu wasiowajua, waliweza kukisia, kwa usahihi kuliko bahati nasibu, upi ni wa kumlaza mtoto na upi ni wa kucheza ngoma.

Mtoto mwenyewe huanza kuimba mapema pia. Akiwa na mwaka na nusu hivi utamsikia akicheza peke yake huku akivuta sauti juu na chini bila maneno. Akifika miaka miwili, mitatu, hudaka mwisho wa mstari: wewe unaimba mwanzo, yeye anamalizia neno la mwisho kwa kelele na furaha. Katika utafiti wake wa miaka mingi juu ya watoto wa Uingereza, Graham Welch aliona kwamba wengi hushika maneno kwanza, lahani sahihi hufuata baadaye. Wazazi wengi hapa hukosea. Wanamsikia mtoto wa miaka mitano akiimba maneno yote bila kukosea lakini lahani imepinda, wanahitimisha kwamba hana sauti. Kumbe yuko katikati ya kujifunza.

Uwezo huo wa kusikia sauti na kuiiga si wa kila kiumbe. Sokwe, pamoja na ukaribu wake nasi, hawezi kufundishwa wimbo. Kasuku anaweza, nyangumi anaweza, na baadhi ya popo. Tembo naye yumo. Huko Tsavo, Kenya, kulikuwa na tembo jike yatima aliyeitwa Mlaika, ambaye zizi lake la usiku lilikuwa kilomita chache kutoka barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Baada ya jua kuzama alikuwa akitoa sauti zilizofanana na ngurumo za malori yapitayo kwa mbali, na mwaka 2005 watafiti waliandika habari zake katika jarida la Nature. Kwa nini tembo aige lori? Waliokuwa wakimchunguza walipendekeza kwamba wanyama wanaoishi kwa kushikamana hutumia kuiga sauti kudumisha ushirika wao. Yatima yule aliiga kilichokuwepo.

Binadamu mwenye bahati huwa na kitu bora kuliko lori, maana yeye huimbiwa na kisha akajibiwa. Kwetu mafunzo hayo yako mengi na hayana ada. Michezo ya watoto ya kushikana mikono na kuzunguka ina wimbo wake. Ngano za bibi na babu zina wimbo katikati, na hadithi haisongi mbele mpaka wasikilizaji waitikie. Halafu kuna mchakamchaka.

Aliyesoma shule za msingi Tanzania anaujua. Asubuhi bado kuna umande, wanafunzi wamejipanga mistari, wanakimbia kuzunguka uwanja au kijiji kizima, vumbi linaanza kunyanyuka. Mmoja anaanzisha, wote wanaitikia, na miguu ndiyo ngoma. Anayeanzisha mara nyingi si mwenye sauti tamu kuliko wote. Ni yule mwenye pumzi na asiye na haya. Siku moja mwanzishaji wa kawaida hayupo, anaumwa, na mtoto wa darasa la nne anarusha mstari akiwa na wasiwasi nusu. Watoto mia mbili wanamjibu kwa kishindo. Sidhani kama kuna mafunzo ya sauti yanayoweza kumpa mtoto kitu hicho. Anarusha wa pili, safari hii kwa nguvu, na kesho yake atajisogeza mbele ya mstari bila kuitwa.

Hata ubongo una ushahidi wake juu ya raha hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill walionyesha kwamba mtu akisikiliza muziki unaomsisimua mwili, ubongo humwaga dopamini, kemikali ya raha na hamu. Tena huanza kuimwaga kabla ya kile kipande anachokipenda hakijafika, katika ile hali ya kukisubiri. Anayesubiri kiitikio ameshaanza kufurahi.

Kutoka hapo njia hugawanyika kufuatana na mahali. Pwani, wengi hupitia chuoni, yaani madrasa: Kurani kwa sauti, kasida, dufu, usiku wa maulidi. Umm Kulthum wa Misri, ambaye sauti yake iliwafikia wapenzi wa taarabu huku kwetu kwa santuri na redio, alianza hivyo hivyo. Baba yake alikuwa imamu kijijini, akimfundisha kaka yake kasida. Binti akawa anasikiliza pembeni, mpaka siku baba alipogundua kwamba ameshazihifadhi. Akamwingiza kundini, akimvalisha nguo za kiume asije akasemwa. Hakuna aliyekuwa amemkalisha chini kumfundisha. Bi Kidude, mwimbaji mwingine wa Unguja, naye alizishika nyimbo za Siti kwa kumsikiliza.

Bara, mlango mkubwa ni kwaya, na tuseme kweli: wengi hawaingii kwaya kwa sababu ya kuimba. Wanaingia kwa sababu rafiki yuko humo, au dada, au binti fulani wa sauti ya pili. Kwa sababu ya sare, na safari ya tamasha kwa basi la kukodi. Hamu ya kuimba huwakuta ndani. Siku sauti zote nne zinapokaa sawa kwa mara ya kwanza, na kijana aliyekuja kwa ajili ya safari anasikia kwamba yake ni sehemu ya kile kishindo, hapo ndipo anaanza kuwahi mazoezi.

Na kipaji je? Kipo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2022, uliowapima mapacha kwa kuwaimbisha, ulikadiria kwamba karibu asilimia 41 ya tofauti za watu katika uwezo wa kuimba hutokana na kurithi, na karibu asilimia 37 hutokana na mazingira waliyokulia pamoja. Ukikua katika nyumba inayoimba, basi mara nyingi umepewa vyote viwili kwa mkupuo na huwezi kuvitenganisha. Ndiyo maana ule msemo wa "kajaliwa sauti" unaonekana kweli kila mara.

Kinachonisumbua zaidi ni wanaoipoteza hamu njiani. Waulize watu wazima wanaosema "mimi sijui kuimba" walijuaje, na wengi watakutajia mtu: mwalimu aliyewaambia wafungue mdomo tu wasitoe sauti siku mgeni rasmi anakuja, au kaka aliyecheka. Wasioweza kabisa kutofautisha lahani kwa sababu ya maumbile ya ubongo wapo, lakini ni wachache, mmoja au wawili katika kila mia. Waliobaki wanasikia vizuri sana pale mtu anapokosea wimbo, na ndiyo sababu wanaona aibu ya sauti yao. Tatizo lao ni koo lisilozoezwa, sikio ni zima.

Wavulana wana kizingiti cha ziada. Wakibalehe, zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, hukua, nyuzi za sauti hurefuka, na sauti hushuka kwa takriban oktavu moja, yaani ngazi nane za sauti. Katikati ya mabadiliko hayo hukatika na kukwaruza wakati wowote, hasa mbele za watu. Wengi huacha kuimba hapo, wakidhani sauti imeharibika. Mwalimu wa kwaya mwenye akili humpumzisha kijana miezi kadhaa, au humpa mistari michache ya chini, kisha humhamishia sauti ya tatu au ya nne.

Kuchelewa nako hakufungi mlango. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford waliwafuatilia kwa miezi 7 watu wazima waliojiunga na madarasa, baadhi ya kuimba, wengine ya ufundi wa mikono au ya uandishi. Wengi wa waliokwenda kuimba hawakuwa waimbaji. Mwishoni madarasa yote yalikuwa yameshikamana kwa kiwango kinachokaribiana, ila wale wa kuimba walizoeana mapema zaidi, tangu mwezi wa kwanza. Walimu wa kwaya hawakuhitaji utafiti kulijua hilo. Mgeni akija mazoezini na woga wake, hawamwimbishi peke yake. Humsimamisha katikati ya wawili wenye sauti imara, mmoja kila upande, na wimbo unaanza.