Ajira za Umma Vijijini: Ujira wa Mwanamke Unapotea Wapi?

Katika kazi yangu ya kuchambua miongozo ya ajira za umma vijijini, yaani kazi za mikono ambazo serikali huwalipa wanakijiji kuzifanya, swali ninaloulizwa zaidi ni kama kumpa mwanamke kazi ya kuchimba mtaro au lambo kunamwinua kiuchumi, au kunamwongezea mzigo mwingine juu ya kuni, maji na watoto. Ninavyoona mimi, kazi yenyewe haijibu swali hilo. Jibu limo katika vipengele ambavyo wengi huviruka wanaposoma mwongozo: namna udongo unavyopimwa, mahali mtoto anapobaki mama akiwa kazini, na jina lililoandikwa kwenye akaunti inayopokea ujira.

Nitatumia zaidi mfano wa India, kwa sababu huko ndiko jambo hili lilikopata nguvu ya sheria kwa upana mkubwa. Jimbo la Maharashtra lilianzisha mpango wake wa kuhakikisha ajira katika ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2005 Bunge la India lilipitisha sheria ya nchi nzima, na utekelezaji ulianza mwaka 2006 katika wilaya 200. Sheria hiyo iliipa kila kaya ya kijijini haki ya kudai siku 100 za kazi ya mikono kwa mwaka, ikataka angalau theluthi moja ya wanufaika wawe wanawake, ikapiga marufuku kutofautisha ujira wa mwanamke na wa mwanamume, na ikaelekeza kazi ipatikane ndani ya kilomita 5 kutoka kijijini, la sivyo mfanyakazi aongezewe asilimia 10 ya ujira.

Wanawake waliivuka ile theluthi, wakafikia zaidi ya nusu ya siku zote za kazi zilizofanywa chini ya sheria hiyo, na katika jimbo la Kerala, ambako vikundi vya wanawake vya Kudumbashree vilishika usimamizi wa maeneo ya kazi, walikuwa takribani tisa kati ya kila kumi. Sababu haziko mbali. Katika vibarua vya mashambani mwanamke hulipwa pungufu kuliko mwanamume, na mara nyingi humlazimu kwenda kumwomba kazi mwenye shamba, tena peke yake. Kazi ya umma iko karibu na nyumbani, anaifanya pamoja na majirani zake, na kiwango cha malipo kinajulikana kabla hajashika jembe. Hata asiyeenda hufaidika, maana akiwa na pengine pa kwenda, mwenye shamba hawezi kumpangia ujira apendavyo.

Lakini usawa ulioandikwa kwenye sheria unaweza kupotelea ndani ya shimo. Tuchukue watu wawili wanaochimba lambo: mmoja anavunja udongo kwa sururu na kujaza karai, mwenzake anajitwisha karai hilo, anapanda ukingo, anamwaga, anarudi. Mara nyingi anayebeba ni mwanamke. Jioni msimamizi anakuja na futi kamba, anapima urefu, upana na kina, na ujira unafuata mita za ujazo. Futi kamba inaona shimo. Haihesabu ni mara ngapi ukingo umepandwa, wala haijui kwamba leo udongo ulikuwa mgumu kuliko jana. Kama kiwango cha kazi ya siku kiliwekwa kwa kumfikiria mwanamume mwenye nguvu kwenye udongo laini, mama anayenyonyesha atapata chini ya kima cha chini, na kwenye karatasi hakuna aliyebaguliwa. Huko katika jimbo la Rajasthan walijaribu kurekebisha hili kwa kupima kazi ya makundi ya watu watano badala ya kuuchanganya umati mzima, na kwa kuwafundisha wanawake kuwa wasimamizi. Napenda sana hatua hiyo ya pili, kwa sababu anayejua kupima mwenyewe hahitaji kubembeleza ili aaminiwe.

Kuhusu watoto, sheria ya India ilielekeza kwamba penye watoto watano au zaidi walio chini ya miaka sita, mwanamke mmoja ateuliwe kuwatunza na alipwe kama wafanyakazi wengine. Ni kipengele kizuri kilichopuuzwa katika maeneo mengi. Mpango wa Ethiopia wa kazi za namna hii, ulioanza mwaka 2005, ulifika mbali zaidi kwa kuwahamishia wajawazito kwenye malipo yasiyodai kazi, mpaka mtoto atimize mwaka mmoja.

Limebaki suala la akaunti, na hapa ndipo ninapokuwa mkali. Haki ya siku 100 ilikuwa ya kaya, na kwa muda mrefu ujira wa mke uliweza kuingia kwenye akaunti ya mume. Utafiti uliofanyika katika jimbo la Madhya Pradesh, India, na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa wanawake waliofunguliwa akaunti zao, ujira wao ukaelekezwa humo na wakapewa mafunzo mafupi ya kuzitumia, walifanya kazi zaidi kuliko waliofunguliwa akaunti tu, na si katika mpango wa serikali pekee bali hata kwa waajiri binafsi. Athari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wale ambao awali walizuiwa zaidi na mila na waume kufanya kazi nje ya nyumba.

Ndiyo maana nikiletewa rasimu ya mpango mpya, ukurasa wa kwanza ninaoufungua ni fomu ya kujiandikisha. Ikiwa na nafasi moja tu ya jina, iliyoandikwa “mkuu wa kaya”, pamoja na mstari mmoja wa namba ya akaunti, nairudisha kwa waandishi kabla sijafika kwenye kurasa za viwango vya ujira.